Mashua Iliyokaushwa Kama Majani Chai

Shuleni sijamwambia mtu kwamba kwetu tuliwahi kununua mashua. Wangecheka, na mimi nikichekwa masikio huwaka moto. Watu wa Kericho hununua ng'ombe, shamba, pikipiki. Baba alinunua mashua ya tanga, kuukuu, kutoka kwa mvuvi mmoja wa kwao ziwani, akaileta huku milimani juu ya lori lililokuja kupakia kabeji.

Mashine za kuchuma chai zilikuwa zimeingia na watu wakapunguzwa, mpaka kiwandani. Baba alikuwa amekausha majani tangu kabla sijazaliwa. Akaambiwa kazi yake itaisha baada ya miezi michache, na siku hiyo arudishe nyumba ya kampuni. Yeye akataka twende wote kwao, akavue samaki. Lakini mama ni Mkipsigis wa Silibwet, huku huku milimani, na maji mengi kuliko yote aliyokuwa ameona maishani ni ya josho la ng'ombe. Walibishana wiki nzima kwa kunong'ona. Heri wangepiga kelele. Mwishowe mama akaweka sufuria ya ugali chini, akasema sisi watoto tukisikia:

"Baba watoto, nitaingia ndani ya hiyo mashua yako mara moja. Nikitoka bila woga, tunahama na wewe. Nikiogopa, usiniombe tena. Mimi na watoto tutaenda kwetu."

"Mara moja inatosha," baba akasema. Alikuwa anatabasamu.

Ndiyo sababu aliileta. Alitaka kuitengeneza mwenyewe jioni akitoka kazini, na alitaka mama aizoee ikiwa bado nchi kavu. Iliposhushwa nyuma ya nyumba, kambi yote ya wafanyakazi ilitoka kuangalia. Jirani yetu mmoja, Mjaluo kama baba, alishika kiuno.

"Omera, ndugu yangu, kwani wewe ni Nuhu? Mungu amekwambia mvua ya Kericho itazidi?"

"Wewe cheka tu. Ikizidi utanijua."

"Mimi sina shida, niwekee kiti. Lakini safina inataka wawili wawili, na mke wangu ni mnene!"

Hata mama alicheka. Siku nyingine nilimkuta ameketi ndani yake, kwenye ubao wa kukalia karibu na mlingoti, anachagua maharagwe na redio iko pembeni. Mdogo wangu alikuwa anapiga makasia hewani. Baba alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akawaangalia mpaka chai ikapoa.

"Umeona? Huogopi."

"Niogope nini? Hapa kuna maji gani?"

Nafikiri hizo ndizo siku nilizompenda baba zaidi. Jambo moja alilijua kuliko watu wote: kutoa maji kwenye kitu. Kiwandani alikuwa anachota majani kwenye kiganja, anayakunja, anasikiliza yakivunjika, na anajua kama yameiva. Alinifundisha hivyo nikiwa mdogo. "Gusa," alikuwa ananiambia. "Unyevu ndio adui." Basi mashua nayo akaifanya hivyo hivyo. Huku kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, kwa hiyo aliifunika kwa turubai. Chini yake akawa anaweka majivu ya moto kutoka boila ya kiwandani, ndani ya karai. Kila jioni alifunua, akapitisha kiganja kwenye mbao, akazigonga kwa kidole na kusikiliza. Zilipoanza kulia kama ngoma ndogo alifurahi sana. "Sasa imekauka mpaka moyoni," akasema. Akaipaka rangi ya kijani, rangi ya chai yenyewe.

Tuliipeleka ziwani Jumamosi. Mama alivaa rinda lake la kanisani, akajifunga leso kiunoni. Yule mvuvi aliyeiuza aliizunguka, akaparuza rangi kwa ukucha.

"Mmeiweka wapi hii?"

"Nyumbani. Nimeikausha vizuri," baba akasema.

"Ah, ndugu yangu. Mashua haikaushwi. Mbao zikikauka zinaachana. Iache kwanza ndani ya maji, inywe, ivimbe. Wiki ijayo utaipanda."

Baba alimwangalia mama. Mama alikuwa ameshavua viatu, amevishika mkononi, na midomo yake ilikuwa inatembea. Nilijua anaomba. Nafikiri baba aliogopa kwamba mama akirudi nyumbani siku hiyo, ule ujasiri hautarudi tena.

"Tutaenda karibu tu," akasema. "Hapo kwenye matete na kurudi."

Tanga lilijaa upepo na kwa muda mfupi ilikuwa nzuri, sitadanganya. Baba aliimba kitu cha Kijaluo. Mama alikuwa kwenye ubao ule ule wa maharagwe. Kisha nikasikia baridi kwenye vidole vya miguu. Maji yalikuwa yanaingia kimya kimya, kwenye kila mstari kati ya mbao, kana kwamba hiyo rangi ilikuwa karatasi. Baba aliacha kamba akaanza kuchota kwa jagi. Viatu vya mama vilianza kuelea. Mama hakupiga kelele hata kidogo. Alimbeba mdogo wangu, akamweka begani, akakazia macho nchi kavu mpaka wavuvi wakaja kutuvuta.

Alipokanyaga mchanga aliketi papo hapo, bado amemkumbatia mdogo wangu, akajivuta nyuma mbali na maji. "Nimeingia, kama nilivyokuahidi," akamwambia baba.

"Mama watoto, ni mbao tu. Wiki ijayo…"

"Tulisema mara moja."

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira, ningekuwa na tumaini.

Sasa sisi tunaishi Silibwet kwa nyanya, na baba anaishi ziwani. Likizo iliyopita nilienda kumwona. Mashua iko majini, rangi imebambuka, na ilikuwa imekunywa ikavimba mpaka mistari yote ikafunga. Alinishika mkono akauweka kwenye sakafu yake. "Gusa." Ilikuwa kavu kabisa. "Kamwambie mama yako," akasema, akageuka upande mwingine akajifanya anafungua kamba.

Nilimkuta mama jikoni. Nikasema, "Baba anasema haivuji tena."

Alisukuma kuni ndani ya moto. "Bado anavaa ile sweta?"

Ni sweta aliyomfumia kwa ajili ya baridi ya kwenda zamu ya kiwandani.

"Huko ni joto, mama."

"Basi si angekupa uirudishe."

Sikumwambia kwamba niliiona. Ameikunja vizuri, ameiweka juu ya ule ubao karibu na mlingoti, na mtu akitaka kuketi hapo baba anamwambia aketi kwingine.

Mama akajifunga leso, akatoka kwenda kukamua. Ndoo aliiacha mlangoni. Nilingoja arudi kuichukua, lakini hakurudi, basi nikambebea. Nilimkuta amesimama kando ya ng'ombe, paji la uso limeegemea mgongo wake, na mikono haifanyi kitu.