Mkono Wenye Njaa

Mwaka ule mvua za masika zilikuwa nyingi. Niliteleza kwenye njia ya kisimani, nyuma ya nyumba yetu kule Mtambile, nikaangukia mkono wa kulia na kifundo kikavunjika. Hospitalini waliuunga mfupa, wakanifunga plasta, na siku ilipokatwa mimi na mama tulidhani yamekwisha.

Mkono uliotoka mle ndani haukuwa wangu. Ulikuwa umevimba, ngozi inang'aa, vidole havikunjiki. Nikishika kikombe, kinaniponyoka. Mama akanikataza kila kazi. Alinisuka, alinifulia, alinichambulia samaki miba kama mtoto mdogo, nami nikawa nakaa barazani na mkono wangu nimeufunika kwa kanga. Nilikuwa nimeshaposwa. Watu wa upande wa posa walileta salamu za kunijulia hali, na ndani ya salamu zile mlikuwa na swali ambalo hakuna aliyethubutu kulitamka, na siku ya harusi ikawa haitajwi.

Miezi ikapita, mkono ukazidi kudhoofika, mpaka mama akanirudisha hospitali. Daktari alinipiga picha mikono yote miwili, akaziinua dirishani kwenye mwanga. Kifundo kilikuwa kimeunga vizuri. Lakini mifupa ya mkono wa kushoto ilikuwa myeupe, imekoza, na ya kulia, mpaka kwenye ncha za vidole, ilikuwa imefifia kama chaki iliyofutwa nusu. Nilimwambia kuwa vidole mimi sikuvunjika. Akajibu kwamba ndiyo, havikuvunjika, vimekonda kwa kukaa bure. Mfupa usiotumiwa hupungua.

Mama akamuuliza, je, nikiutumia si utavunjika tena?

"Aanze kidogo kidogo," alisema daktari. "Utauma, lakini asiuache. Mama, mkono huu una njaa, na chakula chake ni kazi."

Nilianza kwa kukamua kitambaa ndani ya maji ya vuguvugu. Kilidondosha tone moja moja, na machozi yangu yalitoka mengi kuliko hayo maji. Nikahamia kwenye kusuka ukili wa mikeka, nikisuka na kufumua, vidole vikigoma. Kisha nikaomba nazi. Nilikuwa nimefumbata chicha, nakamua tui, jasho linanitoka, mama akaja akanishika mkono ili aninyang'anye.

"Niachie, mama," nikamwambia.

Sikuwahi kumkatalia jambo tangu nizaliwe. Aliniangalia, kisha akauachia mkono wangu taratibu, akaenda kukaa mlangoni amenipa mgongo. Nilijua analia. Niliendelea kukamua mpaka tui likashuka jeupe baina ya vidole vyangu. Kuanzia siku hiyo kukuna na kukamua nazi ya nyumba ile ilikuwa kazi yangu, na mama hakuniuliza tena.

Ilipofika harusi ya binti wa shangazi yangu, uwanja ulijaa wanawake na vinu vya mpunga. Wale wa upande wa posa walikuwepo pia, wamekaa pamoja wakipeta. Shangazi alinipa ungo, kwa huruma. Nikauweka chini, nikachukua mchi, nikasimama kwenye kinu alichokuwa akitwangia jirani yetu, mwanamke mwenye nguvu zake. Akipiga yeye, napiga mimi. Mwanzo alinipunguzia mwendo, nikamwambia asinipunguzie. Akaongeza. Nikaurusha mchi juu, nikapiga kofi, nikaudaka kwa mkono wa kulia kabla haujatua, kama wafanyavyo mahodari, na uwanja mzima ukapiga vigelegele.

Mkono uliniuma, sikatai. Lakini yalikuwa maumivu ya mtu aliyetoka shamba, si ya mgonjwa. Mpunga ule tuliutwanga mpaka ukang'aa. Mama alipita akachota mchele kwa kiganja, akaupuliza, akawaambia wale wageni, bila ya kuniangalia mimi:

"Huyu ndiye mwanangu. Tajeni siku."