Pampu Iliyokataa Kufa

"Pompe ya usukani ilishakufa, minakuambia."

"Hapana, Papa, pompe iko muzima. Hewa iliingia ndani ya mafuta."

Waligombana hivyo, mzee mmoja na fundi, kwenye garaji ya mtaa wa Katoyi ninapouza chai. Usukani wa gari la zamani la spoti la mzee ulikuwa mgumu, na kesho alipaswa kumpeleka binti yake mji wa Kiwanja kuolewa.

Fundi alikaza kibano cha mpira wa mafuta, akainua magurudumu ya mbele, akazungusha usukani polepole kushoto na kulia mpaka povu ndani ya mafuta likaisha. Kisha akauzungusha kwa kidole kimoja.

Wenye magari huja hapa wakiomba pampu iwe nzima. Huyu uso ulimshuka.

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni.

"Papa, gari ilishakubali niolewe. Tunakungojea weye tu."