Dawa ya Kidonda

Enzi zetu pale Kiranjeranje mpira wa rede, ule mchezo wa kulengana na kukwepa, ulikuwa soksi kuukuu iliyoshindiliwa matambara, na hakukosekana mtundu wa kutia kokoto ndani ili uumize. Watoto wa leo wanacheza kwa kidole gumba, wamelala, kisha wanalalamika mgongo. Sisi tulicheza mpaka adhana ya magharibi, mikono ikinuka moshi wa korosho.

Mpira wa namna hiyo ulinipata ubavuni nikiwa darasa la tatu. Pakavimba, homa ikapanda, mwisho pakatumbuka na kutoa usaha. Mama akanibeba mgongoni mpaka zahanati. Mganga alitazama mara moja tu, akampa mama bahasha ya vidonge vya rangi mbili, vile vya ganda lenye unga ndani. Akasema ni dawa ya kidonda, moja mara tatu, akaita mgonjwa mwingine.

Mama hakujua kusoma, lakini agizo alilishika barabara. Asubuhi, mchana na jioni aliosha kidonda kwa maji ya chumvi, akafungua kidonge kimoja na kuninyunyizia unga wake. Hakuruka hata mara moja. Kidonda kikafunga, akapika wali wa nazi kushukuru. Haukupita muda kikafumuka tena. Zahanati wakaongeza dawa, naye akaongeza kunyunyiza. Nikakonda, nikawa sivuti pumzi bila kulia.

Tulipofikishwa hospitali ya Lindi, daktari aliuona ule unga kidondani. Akamuuliza mama mbele ya wodi nzima kama hajui kuwa dawa hiyo inamezwa.

Mama alijibu kwa sauti ndogo: "Niliambiwa ni dawa ya kidonda, baba. Nami nikaitia kwenye kidonda."

Wodi nzima ikacheka.

Kumbe vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye mfupa wa ubavu, na dawa ilitakiwa ipite kwenye damu ndipo ifike huko. Nilipasuliwa, kikatolewa kipande cha mfupa kilichokufa, nikachomwa sindano kwa wiki nyingi, kisha nikamalizia na vidonge, safari hii vya kumeza. Nilipona. Lakini hasira haijaniisha. Walimcheka mtu aliyetii neno kwa neno! Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Hawakusema asielezwe dawa.

Mwezi uliopita mwanangu alirudi nyumbani na jipu ubavuni na kifuko cha vidonge alichonunua duka la dawa. Siku ya tatu akaviacha, eti yuko fresh. Simu yake inamwonyesha watu wanavyopika huko China, ila haijamwambia kuwa dozi humalizwa. Nikamkokota mpaka duka hilo, nikamuuliza binti muuzaji kama alimweleza. Hakuinua macho. "Si imeandikwa hapo, mama," akasema. Nikampeleka kijana hospitali mwenyewe, apigwe picha ya kifua, mbavu ziangaliwe.

Zamani hatukuwa na maandishi, leo maandishi yamejaa, na bado hakuna anayemgeukia mgonjwa akamuuliza ameelewa nini.

Mpaka anafariki, mama alikuwa akiweka kiganja kwenye kovu langu na kuniomba radhi. Nilimwambia yameshapita. Sikumwambia kuwa kosa halikuwa lake bali la wasiomweleza kisha wakamcheka, maana ningelazimika kukiri jambo ambalo huenda alilisikia. Siku ile wodi ilipocheka, nami nilicheka.