Gemu ya Newala Ambayo Haikuuzwa

"Hii mmeipata wapi?" mfanyabiashara aliniuliza, kaseti ya gemu ikiwa mkononi mwake.

Alikuwa mnunuzi wa korosho kutoka mkoa mwingine. Kila msimu simu zake zilitengenezwa na mimi, kwenye kibanda changu jirani na stendi ya Masasi. Asubuhi hiyo alikuja kubadilisha kioo, akaiona kaseti mezani, kioo akakisahau. Haikuwa na picha wala jina, ila kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu, wino umefifia.

"Ya shangazi yangu, yuko Newala. Kanipa niisafishe."

"Na yeye aliipata wapi?"

Nilielewa anachouliza. Shangazi alimpikia mwalimu mmoja mgeni kwa miaka mingi, na mwalimu alipoondoka alimwachia sufuria, televisheni na mashine ya gemu pamoja na kaseti hii. Nikiwa msichana nilienda kwake kila likizo, tukicheza wawili baada ya kazi za nyumbani. Kwenye kaseti hiyo kulikuwa na mtu mdogo asiye na uso, anakimbia na kuruka mashimo. Hatua ya tatu haikuwa na sakafu. Ukiingia tu, unaanguka. Mimi nilisema ni mbovu, itupwe. Shangazi alikataa. Alikaa nayo siku nne, mpaka akagundua kwamba ukiruka kinyumenyume pale mlangoni, yule mtu ananasa ukutani na unaweza kupita naye juu kwa juu hadi mwisho wa hatua.

Mfanyabiashara aliomba tuifungue. Ndani tulikuta chipu zenye vidirisha vidogo vilivyozibwa kwa stika. Akashusha pumzi. Alisema yeye hukusanya gemu za zamani, na hii ni ya majaribio. Waliokuwa wanaitengeneza waliiacha njiani, haikufika dukani.

"Niachie mimi," akasema. "Nitaiweka kwenye kabati la kioo. Huku itaharibika tu. Na usije ukainakili. Thamani yake ni kuwa moja."

Niliposikia hilo neno "huku", niliichukua kaseti mkononi mwake, nikamwambia mwenye uamuzi ni shangazi; akaondoka, simu akaiacha.

Nilisoma kuhusu chipu za aina ile. Kumbukumbu yake huchakaa polepole hata ukiifungia, na stika ikibanduka, jua linaifuta kabisa. Kabati lake lingetunza plastiki tupu. Jumamosi nikapanda kwenda Newala.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na nini?"

Nikamweleza yote, na lile swali la tumeipata wapi. Aliacha kukuna nazi.

"Mwambie nilipika, nilifua, nikaachiwa. Kama anataka kucheza, aje nimfundishe hatua ya tatu."

"Nikiinakili, nimpe nani nakala?"

"Kila anayetaka. Mimi nimekaa na gemu ambayo hakuna mtu wa kuongea naye habari zake."

Niliagiza kifaa cha kusomea chipu kutoka Dar es Salaam, kikaja kwa basi. Nilisoma mara mbili, majibu yakatofautiana. Nikadhani nimechelewa. Nikasafisha miguu ya chipu kwa spiriti, mmoja baada ya mwingine, nikasoma tena, halafu tena. Safari hii yakalingana. Nikaiwasha nakala kwenye kompyuta, na yule mtu asiye na uso akaanza kukimbia.

Niliiweka mtandaoni bure siku hiyohiyo, mchana. Baadhi ya wakusanyaji wa gemu za zamani walinishauri nisitaje ilikotoka, eti maswali yatakuwa mengi. Nikaandika: kaseti hii ni mali ya shangazi yangu, mpishi mstaafu, Newala, njia ya kupita hatua ya tatu kaigundua yeye.

Mfanyabiashara alikuja kibandani amefura.

"Umeiua! Sasa kila mtu anayo!"

"Ndiyo, kila mtu anayo. Na simu yako iko tayari."

Aliichukua bila kuniaga, na siku hizi anatengenezesha kwingine. Sijamfuata kumbembeleza. Wengine waliandika kuomba uthibitisho kwamba shangazi alipewa kweli. Sikuwajibu hata mmoja. Niliowajibu ni wale walionasa kwenye hatua ya nne, na kwa majibu hayo nilimpigia simu shangazi, akayatoa mwenyewe, taratibu, kama anamwelekeza mtu njia ya kwenda sokoni.