Mashine ya Baridi ya Bi Khole

Oktoba ile ya mwaka 1974, Wenceslaus, fundi umeme aliyestaafu kazi ya reli, aliitwa mtaa wa Gongoni, nyumbani kwa Bi Khole, mjane wa mfanyabiashara Soud. Mashine ya baridi, ile ya dirishani ya kupoza hewa chumbani, ilikuwa imezima tena. Nunu, binti wa Bi Khole mwenye miaka tisa, alizaliwa na ngozi isiyotoa jasho. Joto likizidi, mwili wake ulichemka kama wa mgonjwa wa homa. Chumba chenye mashine ile ndicho kilichomfikisha umri huo.

Wenceslaus alikuwa ameifufua mara tano, na mji mzima ulimsifu. Safari hii alipoifungua, alikuta nyaya zimeungua na mbao za dirisha zimebabuka. Bi Khole alimsihi aiunge tu, maana madukani mpya hazikupatikana.

"Nikiiunga itafanya kazi siku mbili," alisema Wenceslaus. "Ya tatu itawaunguza mkiwa ndani."

"Iunge, fundi."

Alichukua koleo akaukata waya mkuu, asije akashawishika.

"Umeniulia mwanangu," alisema Bi Khole kwa sauti ya chini.

Wenceslaus alidandia garimoshi la mizigo hadi Usoke. Alikumbuka kwamba Raymundi, bwana shamba wa tumbaku, alikuwa na mashine kama ile, imelala bure tangu jenereta yake ilipokufa. Raymundi alikataa kuitoa. Wenceslaus akamweleza habari za mtoto, akaahidi kurudi kuitengeneza jenereta hata ikimchukua mwezi. Raymundi akawaita watu waibebe.

Garimoshi la kurudi lilichelewa hadi kesho yake adhuhuri. Njia nzima Wenceslaus alikaa karibu na ile mashine, akitazama vichaka vya miombo vilivyokauka, asithubutu kuhesabu saa.

Alipofika Gongoni alimkuta Bi Khole amemviringisha mtoto kwa kanga zilizoloweshwa maji ya kisimani. Nunu alikuwa ameshikwa na degedege asubuhi, na sasa macho yalikuwa nusu wazi. Hakuna aliyemsalimu fundi. Alitanua dirisha kwa msumeno, akafunga nyaya mpya, akawasha. Mashine ilikohoa, ikanyamaza, kisha ikaanza kuvuma.

Ilikuwa karibu magharibi Nunu alipoomba maji.

Bi Khole alimnywesha, akakaa akimtazama. "Ulijua tangu lini kwamba ile ya zamani imekwisha?"

"Tangu mwaka jana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilipenda kuitwa fundi anayefufua."

Bi Khole alimletea kahawa, akaiweka chini mbele yake bila kumtazama. Wiki iliyofuata Wenceslaus alikwenda Usoke kutimiza ahadi. Akiwa huko alipata salamu kutoka Gongoni: Nunu ameanza kula, ila tangu degedege ile mkono wake wa kulia bado mzito.