Harufu ya Wenceslaus

Mume aliingia mlangoni, mke akatapika.

Flavia hakuwa amekula kitu kibaya. Alimnusa tu Wenceslaus.

Hii ilikuwa Kigwa, enzi za Mwingereza. Wenceslaus alifanya kazi ya kutengeneza njia ya reli. Mtanashati haswa, na Flavia alimpenda kufa. Sasa wiki kadhaa jamaa ananuka kama panya aliyeozea ukutani, na Flavia hata chakula hakimpiti.

"Ni mimba hiyo," mama mkwe, Marcelina, akacheka. "Mwezi huu si hujaona siku zako? Mimi nilipombeba huyu, baba yake nilimwona kama fisi. Vumilia, mwanangu."

Akavumilia. Lakini kinyaa hakikukaa puani, kikapanda kichwani. Wenceslaus akitafuna ugali, kinyaa. Akikohoa, kinyaa. Flavia akashindwa hata kula naye.

Halafu maswali. Mbona siku hizi analala na soksi? Mbona anajifungia akioga? Na haya marashi kamnunulia nani?

Jibu likaja lenyewe: ana mwanamke. Tena mchafu.

Flavia akafunga mzigo wa khanga zake.

"Unakwenda wapi?" Wenceslaus akauliza.

"Kwetu Kwihara. Baki na huyo malaya wako anayekuambukiza uvundo!"

"Malaya gani tena, Flavia?"

Akaketi chini. Mwanamume mzima, machozi yanamtoka. Akavua buti.

Soksi ilikuwa imegandamana na nyama. Alipoivuta, ikatoka na ngozi. Vidole viwili vyeusi tii, usaha wa kijani, na ndani yake funza wanene wakichezacheza.

"Chuma cha reli kiliniangukia," akasema. "Msimamizi akijua, ananifukuza. Marashi nilikuwa najipaka mimi."

Flavia akatapika tena, safari hii mpaka nyongo. Kisha akajifunga khanga puani, akampandisha garimoshi la Tabora.

Hospitali wakakata vidole vyote viwili. "Mngechelewa kidogo," mganga akawaambia, "tungekata mguu. Au mngezika."

Na mimba?

Haikuwapo. Flavia alikuwa amekonda kwa kushindwa kula, damu ikakauka. Alipoanza kula vizuri, siku zake zikarudi.

Ndugu zangu, mwili ukikataa kitu, usiudharau. Ila chunga sana hadithi ambayo kichwa kinaitunga haraka haraka kuueleza. Pua ya Flavia ilisema kweli tangu siku ya kwanza. Kichwa chake ndicho kilichompa mumewe hawara, na nusura amwache aozee ndani peke yake.