Ufunguo kwenye Msumari wa Vibovu

Katika hosteli ya wasichana ninakofanya usafi, funguo za vyumba hutundikwa kwenye ubao nyuma ya mlango wa stoo. Kila chumba kina msumari wake. Chini kabisa, kona ya kulia, kuna msumari mkubwa wenye kutu ambao sisi wafagizi tunauita wa vibovu. Ufunguo ukitundikwa pale, maana yake kitasa kimekufa au dari linavuja, na matroni hampangii mtu chumba hicho mpaka fundi apite. Fundi hapiti. Kwa hiyo mfagizi mwenye ndugu anayekuja kusoma huchukua ufunguo wa chumba kizuri, akautundika pale, akangoja wenzake wamalize kugombania vilivyobaki, kisha kitasa kinapona. Matroni anajua. Yeye mwenyewe ana mabinti wa dada zake.

Kwa miaka ishirini na mbili sikuugusa msumari ule. Mwaka huu niliugusa.

Binti yangu alipata vyuo viwili. Alinisomea barua kwenye simu yake jioni, miguu yangu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto. Kimoja ni hiki ninachodeki mimi, walimpa uhasibu. Kingine kiko mbali, safari ya mchana kutwa na usiku wake. Huko walimpa upimaji wa ardhi, kitu alichokitaka tangu mdogo, siku alipowaona watu wakichungulia kwenye darubini ya miguu mitatu kando ya barabara, akagoma kuondoka mpaka naye achungulie. Vyote viwili vilitaka jibu kabla ya Ijumaa, na vyote vilitaka uchague na chumba papo hapo, kwani mwaka wa kwanza lazima ulale chuoni.

"Mama, unasemaje?"

"Barua ni zako, waniuliza mimi?"

"Kozi yangu iko kule. Ila hapa upo wewe."

"Basi kaa hapa." Nilisema upesi, kama mtu anayefunga bomba.

Akaendelea kuipapasa simu. Nami nikatoa mguu mmoja, nikaufuta, nikautoa wa pili.

Baba yake alisoma chuo hikihiki. Mimi nilitolewa shule darasa la pili nilee wadogo zangu, na kusoma kwangu mpaka leo ni kwa kubahatisha. Yeye alipata nafasi mwaka tuliooana. Nikaomba kazi ya kufagia, tuwe karibu, asikose chakula wala shati safi. Asubuhi moja nadeki ngazi za maktaba, akapita na wenzake watatu, mabuku kifuani. Nikainua uso, tabasamu tayari.

Akaniambia, "Shikamoo."

Mimi mdogo kwake kwa miaka minne. Shati alilovaa nililipiga pasi mimi, saa moja tu kabla. Nikajibu, "Marahaba." Wakaruka pale palipokuwa na maji, wakapanda. Jioni alikula, akalala. Hakulitaja, nami sikulitaja. Alipomaliza chuo akaoa mmoja wa wale watatu. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Watu wakinionea huruma hunitajia ile ndoa. Ndoa sikumbuki hata ilikuwa siku gani. Nakumbuka ile marahaba.

Basi, kesho yake niliuchukua ufunguo wenye uzi mwekundu. Namba za milango hunichanganya, kwa hiyo kila ufunguo nimeufunga uzi wangu. Chumba cha uzi mwekundu kiko ghorofa ya pili, mwisho wa korido. Maji hufika hata presha ikiwa ndogo. Choo kiko mbali kiasi cha kutosikia harufu, karibu kiasi cha kutoogopa kwenda. Nikautundika kwa vibovu.

Mwenzangu tunayemwita Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, alikuwa nyuma yangu anakamua tambara.

"Hee! Mama Sheria! Leo nawe?"

"Kitasa kimekufa."

"Poleni wafiwa," akasema. "Mazishi lini?"

Alhamisi binti yangu alikuja kukiona. Alikuwa amesuka upya na kupaka viatu rangi. Alikalia kitanda, akakibonyezabonyeza, akafungua dirisha, akachungulia chini.

"Kizuri, mama."

"Nimekiosha mara mbili."

Hapo wakatokea wasichana watatu wa mwaka wa pili wanaburuta masanduku. Mmoja akaingiza kichwa. "Mama usafi, hiki si kimeandikwa kibovu? Mbona kina mtu?" Kabla sijajibu akamgeukia mwanangu, akamtazama viatu mpaka nywele. "Mwaka wa kwanza? Karibu. Huyu mama ni wa kwenu?"

Mwanangu aliniangalia. Nilikuwa nimeshika tambara, ndoo iko mguuni pangu. Akawaangalia wao.

"Ananionyesha chumba," akasema.

"Una bahati. Sisi hatukuonyeshwa hata choo."

Wakacheka, naye akacheka kidogo. Wakaondoka, magurudumu yakinguruma koridoni. Nikafuta komeo la dirisha, na lilikuwa safi.

"Mama..."

"Funga dirisha, vumbi linaingia."

Nyumbani alilia mpaka akapata kwikwi. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Nilijingoja nilie pia, au nikasirike. Hakikuja kitu. Nikaendelea kutoa vijiwe.

"Sijui kwa nini nilisema vile, mama."

"Umesema kweli. Nilikuwa nakuonyesha chumba."

"Bora unipige."

"Mkono umechoka, umedeki ghorofa tatu. Lete simu. Wale wa mbali, wajibu ndiyo."

"Unanifukuza?"

"Anayefukuzwa hufunguliwa mlango, hapelekwi chuo. Nenda kapime ardhi yako. Kule wakikuuliza mama yako anafanya kazi gani, jibu upendavyo. Sitakuwepo na ndoo kusikiliza."

Kwikwi ikakatika. Akasogea, tukakaa bega kwa bega. Sikumwambia lililobaki. Marahaba moja nimeibeba miaka yote hii. Ya pili, kila asubuhi kwa miaka mitatu, na ya mtoto niliyemzaa mimi, nisingeiweza.

Kwenye simu wale wa mbali walikuwa wameweka picha za majengo matatu, na vijana wanaocheka mbele yake.

"Hao wanaocheka waache. Tangi la maji liko wapi?"

Akaikuza picha kwa vidole.

"Hili la kwanza lina ukijani chini ya madirisha," nikasema. "Bomba linavuja humo. Hili jipya nalo lisikudanganye. Rangi mpya huficha mengi."

"Kama baba."

"Mimi nasema rangi." Lakini nilicheka, naye akacheka, pua imejaa. "Chagua lile kuukuu. Tangi liko juu ya paa lake. Usikae chini kabisa, mifereji ikiziba yote yanarudi kwenu."

"Chumba cha wawili au cha wanne? Cha wawili kina utulivu."

"Wawili mkigombana hakuna wa kuamua. Chukua cha wanne."

Akabonyeza. Simu ikalia mara moja.

"Tayari, mama."

"Haya. Bandika maji jikoni."

Ijumaa asubuhi niliutoa ufunguo wenye uzi mwekundu kwa vibovu, nikaurudisha kwenye msumari wake. Haikufika saa sita, matroni alikuwa ameshampa msichana mmoja mwenye masanduku mawili na feni.

"Kitasa kimefufuka?" Redio akaniuliza.

"Kimefufuka."

"Na binti?"

"Anafunga mizigo. Anakwenda kule mbali."

Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakusema neno. Alishika upande mmoja wa ndoo yangu, tukaipandisha wote mpaka ghorofa ya pili.

Mlango ulikuwa wazi. Yule msichana alikuwa anatandika kitanda cha dirishani.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba. Hamia kile cha ukuta wa ndani. Mvua ikija, hicho huloa."

Akavuta shuka lake, akahama. Nikaanza kudeki kutoka mlangoni.